Mama Azucena na Uwanja wa Mei

Msiba kwetu una njia yake. Mtu akifa, habari hupelekwa, majirani hukusanyika, kaburi huchimbwa, matanga huwekwa, na hata fukara asiye na ndugu hakosi watu wa kumsindikiza. Majonzi hayapungui kwa hayo, lakini hupata mahali pa kukaa. Basi msomaji mpenzi na afikiri hali ya mama ambaye mwanawe amekamatwa asirudi tena. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna hukumu ya hakimu, na kila ofisi anakobisha hodi huambiwa kwamba mtu wa jina hilo hajulikani. Alie, au angoje? Akiweka matanga, aona kana kwamba amemwua mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Asipoweka, kila mlio wa mlango usiku humwinua kitandani. Hali hiyo iliwapata maelfu ya akina mama katika nchi ya Argentina, huko Amerika ya Kusini, tangu mwaka 1976 hata 1983, wakati majenerali walipoitawala nchi ile. Juma hili twaeleza maisha ya mmoja wao, Azucena Villaflor, ambaye alikwenda kumtafuta mwanawe, naye mwenyewe akatoweshwa.

Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1924 katika mji wa Avellaneda, ng'ambo ya mto Riachuelo unaoutenga mji huo na Buenos Aires, jiji kuu la nchi. Avellaneda ulikuwa mji wa viwanda, na watu wake walikuwa watu wa kazi za mikono. Baba yake, Florentino, alifanya kazi katika kiwanda cha sufu, kijana wa miaka 21. Mama yake, Emma Nitz, alikuwa msichana wa miaka 15 tu. Azucena alipotimiza miaka 16 alipata kazi ya simu katika kampuni ya Siam, iliyojulikana nchini mwote kwa mafriji na vyombo vingine vya nyumbani. Huko ndiko alikokutana na Pedro De Vincenti, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, wakafunga ndoa mwaka 1949. Mungu akawajalia watoto wanne: Pedro, Néstor, Adrián na binti wa mwisho, Cecilia.

Tangu hapo, kwa muda wa zaidi ya miaka 25, hakuna jambo lake lililoandikwa katika gazeti lolote. Alipika, alifua, aliwapeleka watoto shule, aliwangojea warudi. Mwandishi apendaye mambo makubwa angeiruka miaka hiyo upesi. Lakini wale waliotaka baadaye kumwita mchochezi wa siasa wangalifanya vema kuitazama kwanza, maana hawakuwa na kitu kingine cha kumshtaki ila kwamba alikuwa mama wa nyumba aliyejua idadi ya watoto wake.

Neno moja tu tuliongeze juu ya mji alikotoka. Mwezi Oktoba wa mwaka 1945, Kanali Juan Perón alipokuwa amefungwa, wafanyakazi wa Avellaneda na vitongoji vyake waliuvuka mto ule kwa maelfu, wakaenda kusimama katika Uwanja wa Mei, mbele ya nyumba ya serikali, kudai afunguliwe. Naye akafunguliwa jioni ile ile. Watu wa Avellaneda hawakulisahau jambo hilo. Kwao uwanja ule ulikuwa mahali ambapo mnyonge huweza kwenda kusimama akaonekana na mkubwa.

Tarehe 24 Machi 1976 majeshi yaliiangusha serikali ya Isabel Perón, mjane wa Perón. Watawala wapya walikuwa watatu: Jenerali Videla wa jeshi la nchi kavu, Admirali Massera wa jeshi la majini, na Brigedia Agosti wa jeshi la anga. Lazima tuseme kweli yote: nchi ilikuwa imekwisha kuchoka. Vikundi vya vijana wenye silaha vilikuwa vikiteka nyara na kuua, na kwa upande wa pili vikundi vya wauaji vilivyolindwa na wakubwa wa serikali vilikuwa vikiwaua wapinzani na kuwatupa kando ya barabara. Kwa hiyo watu wengi, hata waumini wema, walipumua waliposikia kwamba askari wameshika hatamu. Walidhani kwamba sasa sheria itarudi.

Haikurudi. Majenerali walikuwa wameona jinsi wenzao wa Chile, mwaka 1973, walivyowajaza wafungwa katika kiwanja cha mpira mbele ya macho ya ulimwengu, na jinsi ulimwengu ulivyopiga kelele. Wao wakachagua njia ya giza. Watu wenye silaha, wasiovaa sare, walifika usiku katika magari yasiyo na namba, wakamfunga mtu kitambaa usoni na kumchukua. Akapelekwa katika mojawapo ya mamia ya mahali pa siri, akateswa, na mara nyingi akauawa. Akaunti ya mtu huyo ikafungwa namna hiyo: jela hayumo, mahakamani hayumo, makaburini hayumo. Jamaa walipopeleka ombi kwa hakimu kwamba mshikwa aletwe mbele yake, kama sheria ya nchi ilivyoruhusu, hakimu aliuliza polisi, polisi wakajibu kwamba hawana mtu huyo, na ombi likatupwa. Waliotendewa hayo hawakuwa wapiganaji peke yao. Walikuwamo wanafunzi, viongozi wa wafanyakazi, mawakili, waandishi wa habari, makatekista, hata wanawake waja wazito, ambao watoto wao walizaliwa kifungoni wakagawiwa kwa watu wengine. Tume iliyoundwa baada ya utawala ule iliandika mwaka 1984 majina ya watu 8,960, nayo ilikiri kwamba orodha haijatimia; vyama vya jamaa husema kwamba hesabu yafika 30,000.

Kanisa nalo halikupona. Tarehe 4 Julai 1976 mapadre watatu na waseminari wawili wa Shirika la Wapalotini waliuawa kwa risasi ndani ya nyumba yao ya parokia jijini Buenos Aires. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 4 Agosti, Askofu Enrique Angelelli wa La Rioja alikufa barabarani, katika ajali iliyoonekana baadaye mahakamani kuwa ni mauaji. Mwaka 2019 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Saa ya Azucena ilifika tarehe 30 Novemba 1976. Siku hiyo mwanawe Néstor, kijana mwanafunzi na mfuasi wa siasa ya Perón, alikamatwa pamoja na mchumba wake, Raquel Mangin. Azucena alikuwa na umri wa miaka 52. Akafanya kama kila mama afanyavyo: alikwenda kituo cha polisi, akaenda kambi za askari, akaenda hospitali, akaenda Wizara ya Mambo ya Ndani, akapeleka ombi kwa hakimu. Kote jibu likawa moja. Miezi ikapita.

Miongoni mwa milango aliyobisha ulikuwamo mlango wetu. Katika kanisa la Stella Maris, la jeshi la majini, ilikuwako ofisi ya askofu wa majeshi, na padre katibu wake aliwapokea jamaa za waliopotea. Walipanga foleni kwa saa nyingi. Padre alisikiliza, akaandika majina katika vikadi, akawapa wengine matumaini na wengine maneno ya kukata tamaa, na kwa yote hayo hakuna mtu aliyerudi nyumbani. Sisi tulio mapadre hatuwezi kuisoma habari hii bila kuona haya. Ni kweli kwamba maaskofu kadha wa Argentina walisema wazi: Novak wa Quilmes, jirani kabisa na Avellaneda, de Nevares wa Neuquén, Hesayne wa Viedma. Lakini walikuwa wachache kati ya maaskofu wengi, na baadhi ya wale wengine walikaa karibu mno na majenerali. Mwaka 2016 Baraza la Maaskofu la nchi hiyo lilitangaza kwamba jamaa za waliopotea wataruhusiwa kuziona nyaraka za Kanisa za miaka ile. Ilikuwa imepita miaka 40.

Hata hivyo foleni ile ilizaa kitu ambacho majenerali hawakukitazamia. Akina mama walianza kujuana. Yule aliyedhani kwamba msiba ni wa nyumba yake peke yake, na pengine kwamba mwanawe alifanya kosa fulani, aliona kwamba mwenziwe aliyeketi mbele yake anasimulia habari ile ile: magari yale yale, saa zile zile za usiku, jibu lile lile la ofisini. Na hapo Azucena, kwa ujasiri wa mwanamke aliyezoea kusema mambo kwa ufupi, akawaambia wenzake kwamba kwenda mmoja mmoja hakuna faida. Waende wote pamoja katika Uwanja wa Mei, wasimame mbele ya nyumba ya serikali mpaka Videla awapokee.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi, tarehe 30 Aprili 1977. Walifika wanawake 14. Kumbe walikuwa wamekosea siku: Jumamosi ofisi zimefungwa, uwanja ni mtupu, hakuna wa kuwaona ila njiwa. Wakapatana kurudi Ijumaa. Baadaye mmoja wao akasema kwamba Ijumaa ni siku ya mkosi, basi wakahamia Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, na siku hiyo ikakaa. Kwa jinsi hii ndivyo mambo makubwa yaanzavyo mara nyingi: kwa kukosea siku, na kwa hofu ya mkosi.

Nchi ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, iliyokataza mikusanyiko. Polisi wakaja, wakawaamuru wasisimame pamoja, bali waendelee kutembea. Akina mama wakatii. Wakashikana mikono wawili wawili, wakaanza kutembea polepole kuuzunguka Mnara wa Mei uliopo katikati ya uwanja, mzunguko baada ya mzunguko. Askari aliyetoa amri ile hakujua kwamba amewapa desturi itakayodumu kuliko serikali yake.

Kila Alhamisi hesabu iliongezeka. Azucena akawa kiongozi bila mtu kumchagua. Yeye ndiye aliyejua nani akutane na nani, barua ipelekwe wapi, mama mgeni aliyekuja akilia akaliwe na nani. Walikutana katika mikahawa na makanisani, wakikusanya sahihi na fedha. Katikati ya mwaka ule Azucena na wenzake wawili walipokewa na Waziri wa Mambo ya Ndani, Jenerali Harguindeguy, wakatoka bila jibu la maana. Serikali ilipenda kusema kwamba waliopotea wamekimbilia nchi za nje. Majenerali waliwaita akina mama wale wendawazimu, na kwa muda fulani dharau hiyo iliwalinda. Nani angeogopa vikongwe wanaozunguka mnara?

Mwezi Oktoba 1977 ilifika hija kubwa ya vijana kwenda Luján, mahali patakatifu pa Bikira Maria, Msimamizi wa Argentina. Akina mama walikata shauri kwenda miongoni mwa mahujaji, ili wawasimulie habari zao watu ambao magazeti hayakuwaambia neno. Lakini katika umati kama ule watajuanaje? Mmoja akatoa shauri kwamba kila mama ajifunge kichwani winda, kile kitambaa cheupe ambacho zamani zile mtoto mchanga alifungwa, maana ni mama gani asiyehifadhi winda moja la mtoto wake? Wakafanya hivyo. Mahujaji waliwaona kutoka mbali, wakauliza, wakajibiwa. Kitambaa hicho cheupe kimekuwa alama yao hata leo.

Wakati huohuo alitokea kijana mmoja mwenye sura nzuri na nywele za rangi ya dhahabu. Alijiita Gustavo Niño, akasema kwamba ndugu yake ametoweshwa. Alikuja uwanjani, alikuja mikutanoni katika kanisa la Msalaba Mtakatifu, la mapadre Wapasionisti, jijini Buenos Aires. Akina mama walimhurumia, wakamwonya asije mara nyingi asije akakamatwa; Azucena hasa alimlinda kama mtoto wake. Jina lake la kweli lilikuwa Alfredo Astiz, luteni wa jeshi la majini, aliyetumwa na Chuo cha Ufundi cha jeshi hilo. Ndani ya chuo hicho ilikuwako jela ya siri iliyokuwa kubwa kupita nyingi nyingine.

Hapa inafaa kuwataja wanawake wawili waliokuwa mkono wa kulia wa Azucena. Mmoja ni María Ponce de Bianco. Wa pili ni Esther Ballestrino de Careaga, aliyetoka Paraguay, msomi wa mambo ya kemia. Zamani, katika maabara alimofanya kazi, alikuwa mkubwa wa kijana mmoja aliyeitwa Jorge Bergoglio, kabla kijana huyo hajaingia seminari. Wasomaji wanamjua kwa jina la Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025. Binti wa Esther, msichana wa miaka 16 na mja mzito, alikamatwa mwezi Juni 1977, na baada ya miezi kama minne akaachiliwa. Esther aliwapeleka binti zake mbali, wakapata kimbilio katika nchi ya Sweden. Kwake yeye msiba ulikuwa umekwisha. Mwanawe alikuwa amerudi. Lakini alipanda ndege akarejea Buenos Aires, akatokea tena uwanjani siku ya Alhamisi, kwa kuwa watoto wa wenziwe walikuwa bado hawajaonekana. Kati ya mambo yote tuliyoyasoma katika habari hii, safari hiyo ya kurudi ndiyo inayotushinda kueleza.

Mwezi Desemba akina mama walikuwa wakichanga fedha za tangazo la kulipiwa katika gazeti la La Nación, litokee tarehe 10, Siku ya Haki za Binadamu. Tangazo lingetaja majina yao na kuomba jambo moja tu: kuambiwa ukweli juu ya watoto wao. Jioni ya tarehe 8, Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kundi moja lilikutana katika kanisa la Msalaba Mtakatifu kukusanya mchango wa mwisho. Astiz alikuwapo. Yasimuliwa kwamba aliwakumbatia wale waliopaswa kuchukuliwa, ili wenzake waliongoja nje wawatambue. Hatuna haja ya kumkumbusha Mkristo ni nani mwingine aliyefanya hivyo. Walipotoka walikamatwa mlangoni, miongoni mwao Esther, María Ponce na Sista Alice Domon, mtawa Mfaransa aliyekuwa ameishi miaka mingi na maskini wa Argentina. Fedha za tangazo nazo zilichukuliwa.

Azucena hakuwapo jioni ile. Kesho yake kila mtu aliyempenda alitaka ajifiche. Yeye aliona kwamba tangazo lisipotoka, wale waliokamatwa watakuwa wamekamatwa bure. Akaendelea na kazi pamoja na wenziwe waliosalia, mchango ukapatikana tena, karatasi ikapelekwa gazetini. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Desemba 1977, tangazo lilitoka, na kati ya majina yaliyotiwa chini yake lilikuwamo jina la Gustavo Niño. Azucena alitoka nyumbani kwake, mtaa wa Sarandí katika Avellaneda, akaenda kununua gazeti. Hakurudi. Watu wenye silaha walimkamata njiani karibu na nyumbani, naye alipiga kelele na kushindana nao mbele ya watu, lakini walikuwa wengi. Siku hiyohiyo alikamatwa mtawa wa pili, Sista Léonie Duquet, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kwa siku tatu hizo, watu 12 walitoweshwa.

Walipelekwa katika kile Chuo cha Jeshi la Majini. Wafungwa wachache waliopona walishuhudia baadaye kwamba waliwaona humo, nao wameteswa vibaya. Kwa kuwa serikali ya Ufaransa ilikuwa ikiulizia watawa wake, askari waliwapiga picha masista wawili mbele ya bendera ya kikundi cha wapiganaji, wakamlazimisha Sista Alice kuandika barua kwamba ametekwa na wapinzani wa serikali. Picha ikapelekwa magazetini. Ulikuwa uongo ambao mtoto angeutambua, lakini wenye kutaka kuuamini waliuamini.

Tarehe 14 Desemba, usiku, Azucena na wenzake walitiwa katika ndege ya walinzi wa pwani. Ilikuwa desturi ya jeshi la majini kuwachoma wafungwa sindano ya usingizi, kuwaambia kwamba wanahamishwa, na kuwatupa baharini wakiwa hai. Jambo hilo watu walilinong'ona kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1995 ofisa mmoja wa jeshi hilo, Adolfo Scilingo, alipokiri hadharani kwamba yeye mwenyewe alisafiri katika ndege za namna hiyo.

Bahari haikuitunza siri. Siku chache kabla ya Noeli upepo na mikondo ilileta maiti kadha katika fukwe za Santa Teresita na Mar del Tuyú, zaidi ya kilomita 300 kutoka Buenos Aires. Daktari wa polisi aliyeziangalia aliandika kwamba zimevunjika mifupa kwa kuanguka kutoka juu sana. Hakuna aliyeuliza zaidi. Zikazikwa katika makaburi ya General Lavalle, bila jina.

Wakubwa walidhani kwamba kwa kumwondoa Azucena uwanja utabaki mtupu. Alhamisi zilizofuata walikuja wachache, wenye hofu, na waliokuja walitazamana wasijue ni nani tena kati yao aliye Gustavo. Walakini walikuja. Polisi walipowafukuza uwanjani waliingia makanisani, na padre mmoja akifunga mlango walitafuta parokia nyingine. Mwaka 1982 majenerali walishindwa vita na Waingereza katika visiwa vya Malvinas, na tarehe 10 Desemba 1983, miaka sita kamili tangu siku aliyokamatwa Azucena, rais aliyechaguliwa na raia, Raúl Alfonsín, aliapishwa. Videla na Massera walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1985. Kisha zikatungwa sheria za kuwaepusha maofisa wadogo na mashtaka, na mwaka 1990 hata wale wakubwa wakasamehewa na Rais Menem, wakatoka. Watu wengi walisema kwamba kesi zimekwisha, na kwamba wakati umefika wa kusahau. Mwenye kusema hivyo kwa kawaida si yule mwenye kitanda kitupu nyumbani.

Bunge lilizifuta sheria zile mwaka 2003, na Mahakama Kuu ikathibitisha mwaka 2005. Tarehe 26 Oktoba 2011 Astiz alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2017 marubani wawili wa ndege ile ya Desemba 1977 walipata hukumu hiyohiyo. Ndege yenyewe, aina ya Skyvan, ilikuwa imeuzwa ikafanya kazi nyingine huko Marekani. Mwaka 2023 ilirudishwa Argentina, sasa imewekwa katika uwanja wa kile chuo, ambacho kimegeuzwa kuwa makumbusho.

Na wale wa General Lavalle? Wataalamu wa mifupa wa Argentina, ambao kwa kazi hii wamekuwa mashuhuri katika nchi nyingi, walichimba makaburi yale yasiyo na majina, wakailinganisha damu ya jamaa na mifupa iliyopatikana. Mwaka 2005 waliweza kusema: huyu ni Azucena Villaflor, huyu ni Esther Ballestrino, huyu ni María Ponce, na baadaye mwaka huohuo, huyu ni Sista Léonie Duquet. Mifupa ilivunjika jinsi daktari wa polisi alivyoandika mwaka 1977. Sista Alice hakuonekana miongoni mwao. Kwa ruhusa ya Kardinali Bergoglio, askofu mkuu wa jiji, Esther na María walizikwa katika bustani ya kanisa la Msalaba Mtakatifu, hatua chache kutoka mlango walipokamatiwa.

Watoto wa Azucena walichagua mahali pengine. Tarehe 8 Desemba 2005, Sikukuu ya Mkingiwa, walilichukua jivu la mama yao mpaka Uwanja wa Mei, wakalizika chini ya Mnara. Wenziwe waliosalia, vikongwe sasa, baadhi yao wakiwa kwenye viti vya magurudumu, walisimama kando wamejifunga vitambaa vyeupe. Matanga yaliyokawia miaka 28 yaliwekwa siku hiyo. Alhamisi iliyofuata, saa tisa na nusu, wakarudi kutembea mahali pale pale, wakilizunguka kaburi lake pamoja na mnara. Mwanawe Néstor, ambaye kwa ajili yake aliufikia uwanja ule mara ya kwanza, hayumo kaburini humo.